Mbwa Wetu Pamba na Zile Siku Kumi

Ukiinama chini hapa Kimali kana kwamba unaokota kitu, mbwa yeyote aliye karibu nawe atakimbia. Hangoji kuliona jiwe. Ameshajua kwamba mkono unaokwenda chini utarudi juu na kitu cha kumpiga. Sisi wenyewe tulikulia katika hali hiyo, na watoto wetu walikuwa wanakulia humo humo, mpaka tulipoletewa mbwa ambaye ukiinama anakuja mbio, anakaa mbele yako, anakodolea macho mkono wako huku mkia ukifagia vumbi. Anataka utupe, akakuletee.

Ilikuwa Juni 2021, msimu wa kuuza pamba. Shemeji alikuwa akifanya kazi ya bustani huko Arusha katika nyumba ya wageni kutoka ng'ambo. Walikuwa na mbwa jike wa aina ya Labrador, naye alikuwa amezaa na mbwa wa jirani. Walipohama, watoto wa mbwa waligawiwa huku na huku, na mmoja akasafirishwa kwa basi ndani ya boksi la sabuni hadi kwetu mkoani Simiyu. Alikuwa na umri wa miezi miwili. Alipotolewa kwenye boksi, rangi yake nyeupe ya kuelekea manjano ilifanana kabisa na pamba tuliyokuwa tumeianika uani. Kitinda mimba wetu akampa jina papo hapo.

Baba watoto hakufurahi. Kwetu Usukumani mbwa ana kazi yake: kulinda zizi, kufuatana na wachungaji, kubweka usiku. "Huyu atalinda nini?" aliuliza, na kwa kweli alikuwa na haki. Pamba alimpokea kila mgeni kama ndugu aliyepotea. Mbaya zaidi, alikuwa akiiba kandambili. Wageni wakiingia ndani na kuacha viatu mlangoni, wakitoka wanakuta kimoja kiko kwao na kingine kiko nyuma ya jiko. Akina mama wenzetu, hebu fikirini aibu ya kumtafutia mama mchungaji kiatu chake huku chai inapoa!

Hatukujua kwamba kuiba kule ndiko kulikuwa kipaji chake. Jamii hii ya mbwa Waingereza huiita ritriva, yaani mrudishaji. Babu zao wa aina ya Labrador walitoka kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada, walikokuwa wakiwasaidia wavuvi. Baadaye walipelekwa Uingereza, wakakuzwa kwa kazi ya kumletea mwindaji ndege aliyempiga risasi. Sasa ndege yule haifai aletwe akiwa ametafunwa, kwa hiyo walichaguliwa wale wenye mdomo mpole. Siku moja Pamba alikuja jikoni na kitu mdomoni, akakiweka chini taratibu. Lilikuwa yai la kuku, zima, bila hata ufa.

Hapo ndipo tulipoanza kumfundisha, jioni baada ya kazi, jua likishapoa. Mwanzo tulitumia gunzi la mahindi, tukaja kuonywa na bwana mifugo kwamba mbwa akilimeza kipande linaweza kumziba utumbo akafa. Tukachukua khanga kuukuu, tukaisokota na kuipiga fundo kubwa katikati. Fundo lile ndilo likawa mpira wake.

Kutupa ni rahisi. Kazi iko kwenye kurudisha. Pamba alikuwa akilifuata fundo, analikamata, kisha anatimka nalo, na watoto wote wanamfukuza uwanja mzima wakipiga kelele. Yeye alidhani huo ndio mchezo wenyewe. Ilituchukua wiki nzima kugundua siri: akishalikamata, usimfukuze. Geuka, kimbia wewe upande wa pili. Atakufuata, na akikufikia, mwonyeshe dagaa mmoja mkavu. Atafungua mdomo achukue dagaa, fundo litaanguka, nawe utasema "Achia" wakati ule ule linapoanguka, si kabla wala si baada. Baada ya siku chache neno lenyewe linatosha. Tulimfundisha hivyo hivyo "Kaa", "Ngoja" na "Leta". Dakika kumi tu kila jioni, kisha tunaacha angali ana hamu. Fimbo haikutumika. Si kwamba sisi ni wapole kuliko wengine. Tulijaribu kumchapa mara moja kwa ajili ya kandambili, na kwa siku mbili hakuleta chochote kwa mtu yeyote.

Mambo haya si ya Wazungu peke yao kama wengi wanavyodhani. Nairobi kuna chama cha wafuga mbwa cha Afrika Mashariki kinachoandaa maonyesho na mashindano ya mbwa. Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa kwenye mizigo; mbwa wa namna hiyo hafanyi kazi kwa mshahara wa nyama, anafanya ili akipata atupiwe mpira acheze. Na pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hata panya buku wanafundishwa kwa njia ya tuzo: akinusa sawasawa harufu ya bomu lililofukiwa ardhini, au ya kifua kikuu katika makohozi, anasikia mlio mdogo kisha anapewa ndizi. Mmoja wao aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020. Tulipowasimulia watoto habari hiyo walitwangia: kama panya anaweza, Pamba atashindwaje?

Wakamtengenezea uwanja. Huko London, katika maonyesho makubwa yanayoitwa Crufts, mwaka 1978 walianzisha mchezo wa mbwa kuruka viunzi na kupita kwenye matundu huku mwenyewe akikimbia pembeni akimwelekeza kwa sauti na mikono. Kijana wetu wa pili alikuwa ameuona kwenye simu ya mwalimu wake. Viunzi vilikuwa fito juu ya matofali. Tundu lilikuwa pipa lililotobolewa pande zote mbili. Vijiti sita vilisimikwa kwa mstari, Pamba apite akijipinda kati yake kama nyoka. Tulisisitiza fito ziwe chini kabisa mpaka atimize zaidi ya mwaka mmoja, kwa kuwa mifupa ya mbwa mchanga bado ni laini, na maji yawepo kwenye karai wakati wote, maana joto la kwetu si la mchezo kwa mbwa mwenye manyoya mazito. Jioni za mwaka ule zilikuwa na kicheko ambacho nyumba yetu haikuwa nacho kwa muda mrefu. Watoto wa majirani walijaa. Hata baba watoto alikuwa akileta kigoda chake nje, akisema anakuja kupunga upepo.

Sasa tuje kwenye jambo linalotufanya tuandike.

Jumamosi moja ya Agosti 2022, mjukuu wa bibi jirani yetu, mvulana wa miaka minane, alilikamata fundo la khanga upande mmoja na Pamba upande wa pili, wakawa wanavutana. Mchezo wa kuvutana tulikuwa tumewaruhusu wenyewe. Mvulana akasogeza mkono ili apate kushika vizuri, na Pamba naye akafungua mdomo apate kushika vizuri. Jino likampasua kiganja chini ya kidole gumba. Pamba alirudi nyuma mwenyewe, akalala chini. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini damu ilikuwa inatoka, na ilikuwa imetoka kwenye jino la mbwa.

Tulifanya tulichofundishwa. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15 kamili, tukitazama saa. Ndugu, dakika 15 ni nyingi mtoto anapolia. Dumu la kwanza liliisha tukachukua la pili, na ilikuwa kiangazi. Mama mmoja alikuja na mafuta ya taa, mwingine akashauri zikatwe nywele za mbwa huyo huyo ziunguzwe na kupakwa. Tukakataa vyote viwili. Ndipo baba watoto alipouliza, kwa sauti ya chini, "Kadi yake ya chanjo iko wapi?"

Kadi haikuwepo. Pamba alikuwa hajachanjwa hata mara moja.

Tuliyaandika haya kwa shida. Katika nyumba yetu kuna mtu mwenye stashahada ya uuguzi, ambaye kila wiki anawaambia akina mama kliniki wachanje watoto na wachanje mbwa. Bwana mifugo alipita na chanjo Machi mwaka ule ule. Siku hiyo tulikuwa msibani. Tulisema tutampeleka Pamba baadaye, kisha zikaja palizi, semina ya wanawake kanisani, zamu za usiku, na "baadaye" ikawa Agosti. Tulikuwa na muda wa kumfundisha kuruka fito sita, lakini hatukuwa na muda wa sindano moja.

Na tulijua kinachoweza kutokea. Zamani, tulipokuwa bado wanafunzi wa uuguzi, tulimhudumia mtu mzima aliyeumwa na mbwa miezi kadhaa nyuma akapuuza. Aliomba maji. Kikombe kilipomkaribia, koo lilikaza, akapiga ukelele na kukisukuma mbali, kisha akaomba maji tena. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Karibu wote hufa. Lakini akioshwa vizuri na kuchomwa chanjo mapema kabla ya dalili, anapona. Kati ya mambo hayo mawili kuna muda tu, na muda wenyewe haufai kuchezewa.

Kesho yake alfajiri hatukwenda kanisani. Tulimchukua mvulana na bibi yake tukapanda gari hadi Bariadi, akachomwa sindano ya kwanza. Ratiba ikaandikwa: nyingine baada ya siku 3, nyingine baada ya siku 7, na ya mwisho baadaye. Gharama zote zilikuwa juu yetu. Mbuzi wawili waliondoka zizini. Njiani bibi hakusema kitu. Tulipokaribia kufika nyumbani ndipo akauliza, "Mama nesi, ninyi ndio mnaotuambia tuchanje. Mlikuwa mnatuambia sisi tu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba msamaha. Alitikisa kichwa, hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe.

Nyumbani tulikuta wanaume wamekaa chini ya mti. Walikuwa na shauri moja: mbwa aliyemwaga damu ya mtu auawe leo. Desturi ni hiyo, na wengi wenu mnaosoma mmeiona. Ilitubidi tueleze kwa utaratibu. Mbwa mwenye kichaa anatoa virusi kwenye mate kwa siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuanza kuugua na kufa. Kwa hiyo mbwa aliyeuma akifungwa na kutazamwa, na baada ya siku 10 bado ni mzima, basi mate yake ya siku ile hayakuwa na ugonjwa. Ukimuua siku ya kwanza umechana barua kabla hujaisoma. Sindano za mtoto zinaendelea bila kungoja, lakini familia ya mtoto ina haki ya kujua. Wazee walibishana mpaka jioni. Mwishowe ilikubaliwa: siku kumi, kamba imara, mtoto yeyote asisogee. Akibadilika tabia, bwana mifugo aitwe mara moja.

Bibi alikuja kila siku jua linapochomoza. "Mwangaluka," anasalimu, nasi tunaitikia. Kisha anasimama mbali na Pamba, anamtazama. "Amekula? Amekunywa maji?" Tukisema ndiyo, anatoa punje moja ya mahindi kwenye pindo la khanga yake, anaitia ndani ya kopo tupu dirishani petu. Anakwenda zake. Hakuwahi kukaa, hata tulipomkaribisha uji.

Siku ya nne Pamba alikataa chakula. Maji aliyagusa kidogo tu. Alilala na kichwa juu ya miguu, hakuinua hata mkia. Tulipomwambia bibi ukweli huo alishika kopo, akakaa nalo mkononi bila kutia punje. Siku ile kazini hatukuwa na akili. Tulikuwa tunachoma watoto sindano huku tukiona kikombe cha maji cha yule mgonjwa wa zamani. Usiku watoto wetu walisali wenyewe bila kuambiwa, na tuliwasikia wakimtaja mvulana kwanza, Pamba baadaye. Tulishukuru kwa mpangilio huo.

Jioni ya siku ya tano baba watoto, ambaye hajawahi kucheza na mbwa maishani mwake, alichukua kigoda akakaa nje ya urefu wa kamba. Alikuwa na fundo la khanga. Akalitupa karibu na pua ya Pamba. Pamba akalitazama. Baba watoto akalivuta kwa fimbo ya kuchungia, akalitupa tena. Na tena. Mara ya sita au ya saba Pamba akainuka, akalichukua, akaja nalo hadi mwisho wa kamba, akaliweka chini. Kisha akanywa maji karai zima. Alikuwa mpweke tu, alidhani ameadhibiwa. Tulimsikia baba watoto akisema polepole, "Achia," ingawa lilikuwa limeshaachiwa.

Bibi alipokuja asubuhi alitia punje mbili.

Siku ya kumi alimimina kopo kiganjani, akahesabu kwa sauti, akasema "Kumi", na kwa mara ya kwanza akaketi. Uji aliunywa. Bwana mifugo alikuja wiki hiyo hiyo akamchanja Pamba, na kadi ikapigiliwa msumari juu ya mlango ambako kila mgeni angeiona. Mvulana alimaliza sindano zake zote. Kovu analo, dogo, kama punje ya mpunga.

Lakini hakurudi uwanjani kwetu. Yeye na Pamba walionana tena njiani kuelekea kisimani, nasi tulikuwa nyuma yao na ndoo zetu. Mvulana alipomwona aliinama haraka, akaokota jiwe, akainua mkono. Pamba hakukimbia. Alimwendea, akakaa mbele yake, mkia ukafagia vumbi, macho yakiwa kwenye lile jiwe. Mtoto alisimama na mkono juu muda mrefu. Sisi tulinyamaza. Mwisho akageuka upande, akalitupa jiwe mbali porini. Sisi huwa hatuturupii mawe, yanavunja meno ya mbwa, lakini siku hiyo hatukusema neno. Pamba alilitafuta, akalileta, akaliweka karibu na miguu yake.

Mwaka uliofuata tulijaribu kulipa sehemu ya deni letu. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa kumbukumbu ya Louis Pasteur aliyetengeneza chanjo ya kwanza na kufariki siku hiyo mwaka 1895. Bwana mifugo alitueleza kwamba ili ugonjwa ukome kusambaa inatakiwa mbwa wapatao 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Kwa mikoa yetu inayopakana na Serengeti, mbwa wa kijiji hata wanyamapori huwaumiza: mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliua karibu theluthi ya simba wa mbuga hiyo. Basi, alisema, chanjo akiwa nayo bado ana shida moja. Mbwa hawashikiki. Wakiona mtu mgeni anainama tu, wameshafika mtoni.

Shida hiyo tulikuwa tunaijua dawa yake. Kwa wiki tatu watoto wa Shule ya Jumapili walikuja na mbwa wao mmoja mmoja, na watoto wetu wakawaonyesha: vipande vidogo vya ugali mkavu, kamba ya kitambaa, neno "Kaa", mkono unaoshika shingo taratibu kisha unatoa tuzo. Tuliomba tutumie uwanja wa kanisa kwa kuwa una kivuli. Mzee mmoja wa kanisa alishtuka: mbwa mbele ya nyumba ya Bwana? Mama mmoja wa kwaya akamkumbusha kwa heshima kwamba Lazaro alipolala mlangoni kwa tajiri, waliomsogelea walikuwa ni mbwa. Tukapewa uwanja, kwa sharti la kufagia.

Jumamosi tarehe 30 Septemba 2023 zaidi ya mbwa 30 walichanjwa pale, na baadaye wenye uwezo wakashindana kuruka fito. Pamba hakushinda. Alisimama katikati ya mashindano kwenda kuchukua kandambili ya bwana mifugo.

Bibi alikuja mwisho mwisho, na mbwa wake mzee wa zizini mwenye sikio moja, amefungwa kwa pindo la khanga lililochanwa. Sindano ilipokwisha kamba ilimponyoka. Bibi akainama kuiokota. Mbwa yule alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama mkono, akangoja.